Uzi: Dar hadi Ziwa Natron kwa Cessna 172, kupitia Unguja, Tanga na Moshi. Wenye uzoefu karibuni

Mbayuwayu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa na ramani mezani siku kadhaa, sasa naileta hapa muikosoe kabla sijaanza kuahidi watu.

Nina leseni ya rubani binafsi. Kuna jamaa yangu ana Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne na injini moja, modeli ya N, nguvu za farasi 160, amekubali kuniachia wiki moja mwezi wa nane. Safari yenyewe si ya kuwahi popote, ni ya kuitazama nchi kwa juu. Njia niliyochora, kwa maili za baharini:

Dar – Unguja 40
Unguja – Tanga 68
Tanga – Moshi 147
Moshi – Arusha 42
Arusha – Natron na kurudi 126

Muda ukiruhusu tutafika Manyara tukatazame ukingo wa Ngorongoro. Abiria ni mke wangu, shemeji yangu na mume wake, na vibegi vyao vya wiki moja. Ndoto yangu kubwa ni kuizunguka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi, theluji inang'aa, mke wangu anapiga picha.

Naombeni mnieleze: wapi pa kuweka mafuta, wapi pa kulala, na kuna nini ambacho ramani hainiambii?

Chura wa Kihansi

Mkuu si upande basi? Muheza machungwa unanunulia dirishani, Same unashuka unajinyoosha, na hakuna anayekupima uzito. Ngoja waje wataalamu, mimi nimekaa paleee.

Mzee Propela

Kijana, hongera kwa wazo. Mandhari tuiweke pembeni kwanza, tuanze na mizani.

Uzito wa juu kabisa wa kuruka wa 172N ni kilo 1,043. Ndege tupu ya aina hiyo, ikiwa na redio zake, huwa kama kilo 670. Usinichukulie mimi neno, fungua karatasi ya uzito ya ndege yenyewe. Matangi ya kawaida yana galoni 40 za kutumika, lita 151 hivi, na hizo ni kilo 109. Toa yote hayo, unabaki na kilo 264 za watu na mizigo.

Watu wazima wanne wa kilo 80 ni 320. Hapo begi hata moja halijaingia, wala maji ya kunywa. Viti vinne kwenye 172 havina maana ya watu wanne na matangi yamejaa. Utachagua: ama upunguze mafuta, na kwa safari yako huwezi, ama upunguze watu.

Na hiyo ni hesabu ya Dar. Kiwanja cha Arusha kiko futi 4,550. Kwa urefu huo hewa ya kawaida kitabuni ingekuwa nyuzi 6 hivi. Sasa mchana wa nyuzi 28 umezidi kwa nyuzi 22, na kila nyuzi moja unaihesabia kama futi 120. Ndege itajiona iko futi 7,200 ikiwa bado magurudumu yako chini. Kiwanda kinasema 172N inapanda futi 770 kwa dakika usawa wa bahari ikiwa imejaa. Huko unabaki na 400 na kitu, na hiyo ni kwa injini mpya na rubani wa kiwandani.

Kwa hiyo shemeji na bwana wake wapande basi la Chura, mkutane Arusha.

Mbayuwayu

Duh. Mzee, shikamoo. Shemeji ndiye aliyenishawishi nifanye safari hii. Nitamwambiaje?

Mzee Propela

Marahaba. Mwambie kilo zake, ataelewa au atanuna. Vyote viwili havianguki na ndege.

Fundi wa Hangari

Mzee kamaliza uzito, mimi naingia kwenye mafuta, maana ndiyo yatakayokuchorea njia, mandhari yafuate nyuma.

Injini yako inakula avgas, petroli ya ndege, ile ya rangi ya buluu. Viwanja vyetu vingi mafuta yaliyopo ni Jet A-1, jamii ya mafuta ya taa, kwa sababu ndege zinazotua kila siku ni Caravan na wenzake wenye injini za tabo. Ukiona gari la mafuta uwanjani usidhani ni lako. Avgas ipo sehemu chache, na hata hapo kuna wiki inakuwepo na wiki haipo. Utaratibu ni huu: piga simu wiki moja kabla, piga tena siku moja kabla, na mwambie mtu wa mafuta akutajie lita zilizopo. Jibu la "yapo" halitoshi, yanaweza kuwa yapo na wa kwanza kufika si wewe.

Hesabu yako inakubali, nimeipigia. Dar hadi Arusha ni maili 297. Kwa mwendo wa noti 105, yaani maili 105 za baharini kwa saa, ongeza kupaa mara nne na kusubiri ruhusa, weka saa 3 na dakika 20. Kwa lita 32 kwa saa ni kama lita 107. Ukitoka Dar umejaa unafika Arusha na lita 44, zaidi ya saa nzima mkononi. Kisheria mchana ni dakika 30 za akiba, mimi sipendi kushuka chini ya saa moja. Kwa hiyo Unguja, Tanga na Moshi hutegemei mafuta ya mtu. Ila Arusha ndiyo kufa na kupona. Bila uhakika wa avgas pale, Natron ifute kwenye ramani.

Kuna watu watakwambia kuna pipa mahali fulani. Pipa lililosimama nje wima mvua ikinyesha hukusanya maji juu ya kifuniko, na joto likipungua usiku linayavuta ndani. Ukilazimika kulitumia, chuja, halafu kinga kwenye kikombe kutoka kila tundu la kukingia, bawa kwa bawa, utazame: maji hukaa chini kama ushanga. Na kama rangi au harufu inakutia shaka, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Avgas inakauka inaondoka zake. Ikibaki alama ya mafuta kama karatasi ya maandazi, kuna Jet A-1 humo ndani, na injini yako itazimika wakati unapaa. Nimeona kikombe cha namna hiyo kwa macho yangu. Mwenye ndege alikuwa ameshafunga mkanda.

DadaRubani

Nasaidia kipande cha bahari.

Watu wengi wa Dar wanakwenda Unguja moja kwa moja kwa sababu ni dakika 25 tu. Kwa injini moja mimi hupandisha kwanza hadi Bagamoyo, halafu ndiyo nikate. Bagamoyo hadi uwanja wa Unguja ni kama maili 23 za maji. 172 injini ikizimika inateleza maili moja na nusu kwa kila futi 1,000. Ukiwa futi 5,500 una maili 8, maana yake katikati kuna kipande cha dakika nne hivi ambacho huwezi kufika nchi kavu upande wowote. Ukiwa 7,500 kipande hicho kinakaribia kuisha. Mwelekeo wa dira ni kama nyuzi 055, upande wa mashariki, kwa hiyo futi 5,500 na 7,500 zote ni halali kwako. Muombe mwongoza ndege urefu huo mapema, maana Caravan za Dar na Unguja zinapishana pale kutwa nzima kama daladala, na anaweza kukushikilia chini.

Jaketi la kuokolea livaliwe mwilini kabla ya kuwasha injini. Likiwa chini ya kiti ni sawa na kuliacha nyumbani. Na usilijaze upepo ukiwa ndani ya ndege.

Kuondoka Unguja fuata pwani ya magharibi hadi Nungwi, kisha kata kwenda Pangani, maili 26. Ukifika pwani ya bara, Saadani iko kushoto nyuma yako, mbuga inayogusana na bahari. Maji yakiwa yamekupwa, mafungu na miamba unayaona kwa rangi tano sita. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko Kilimanjaro, ila usiniulize kwa nini kwenye uzi wa watu.

Barafu kwenye kabureta: pwani unyevu ni mwingi, na joto la nje halikuokoi. Ukipunguza nguvu kwa ajili ya kushuka, vuta joto la kabureta kabla, si baada ya injini kuanza kukohoa.

Mgosi wa Pongwe

Tanga hadi Moshi nimepita mara nyingi, kwa ardhi na kwa juu. Mgosi, njia yako usiinyooshe kwa rula. Rula inakupeleka juu ya Usambara na Pare, na kilele cha Shengena kule Pare kinazidi futi 8,000. Fuata reli. Wajerumani walianza kuijenga 1893 na walipita pale injini ya moshi ilipoweza, kwa hiyo na wewe utaweza. Muheza, Korogwe, Mombo, Same. Mashamba ya mkonge yamepangwa mistari huko chini, huwezi kupotea. Inaongeza maili kidogo, nakuhakikishia zinalipa.

Usambara unakuwa nao kulia. Ukitazama ule ukuta wa juu ya Mombo, utaona msitu unaishia ghafla kwenye jabali. Hapo ndipo abiria huanza kupiga picha na rubani huanza kusogea karibu ili wapige vizuri. Usisogee. Kusi likivuma, na hata kaskazi, upepo unavuka mlima kutoka upande wa bahari na kuanguka upande huu wa barabara. Unapigwa chini, na 172 yenye joto haina nguvu ya kubishana na upepo unaoshuka. Kaa mbali na mlima, maili tano hivi, upite kabla ya saa nne asubuhi.

Ukishapita Same tazama kushoto, bwawa la Nyumba ya Mungu linatokea lenyewe. Likiwa kushoto na Pare kulia, uko sawa. Ukiona Ziwa Jipe chini yako umeshavuka Pare, na mpaka wa Kenya uko palepale.

Mbayuwayu

Mgosi ahsante sana, hiyo ya kufuata reli naichukua. Na Kibo je? Hakuna aliyeniambia kitu kuhusu Kibo.

Mzee Propela

Kwa sababu tunakuonea huruma.

Kilimanjaro ni mita 5,895, yaani futi 19,341. Kitabu cha 172N kinaishia futi 14,200, na hapo ndege inapanda futi 100 kwa dakika inahema. Halafu kuna mapafu yako: ukizidi nusu saa juu ya futi 10,000 unatakiwa uwe na oksijeni, na juu ya 13,000 muda wote. Mswisi Mittelholzer aliuruka mlima ule mwaka 1930, lakini alikuwa na ndege yenye injini tatu na nia ya kuganda. Wewe utautazama kwa ubavu ukiwa futi 9,500, na utaridhika. Ukiwa pale, kilele kiko juu yako karibu futi elfu kumi. Picha zinatoka vizuri zaidi kuliko za kutazama chini.

Ila mwezi wa nane umekosea. Waliokulia Moshi na Arusha wanajua: Juni hadi Agosti wingu zito linalala chini asubuhi, watu wanatembea na makoti, mlima huuoni siku nzima. Sasa angalia mtego. Wenzako wamekwambia upite Pare mapema kabla ya mirindimo ya joto. Ukifika Moshi mapema mwezi wa nane unakuta kiwanja kimefunikwa. Ukisubiri lifunguke, joto na upepo vimeamka.

Septemba na mwanzo wa Oktoba wingu hupungua lakini watu wanachoma mapori, unaona nchi kupitia moshi. Mimi ningekwenda mwisho wa Januari au Februari. Kaskazi inavuma, mvua za vuli zimekwisha, masika bado, mlima uko wazi alfajiri. Gharama yake ni joto. Arusha itakuwa moto zaidi kuliko hesabu niliyokupa juu, kwa hiyo watu wawili tu na kuondoka saa 12 na nusu asubuhi.

Fundi wa Hangari

Naongezea hapo kwa Mzee. Viwanja vya juu ya futi 3,000, kabla ya kupaa kaza breki, fungua nguvu zote, halafu vuta mpini mwekundu wa mchanganyiko wa mafuta na hewa taratibu mpaka mizunguko ya injini ifike kileleni, kisha urudishe kidogo ndani. Marubani wa pwani wamezoea kuusukuma wote mbele, na Arusha injini inakuwa inakunywa mafuta mengi kuliko hewa. Unaingia njia ya kurukia na farasi pungufu, unalaumu ndege ya watu.

Wilson Kila Siku

Niaje wandugu, jirani yenu kutoka Nairobi hapa. Sisi wa uwanja wa Wilson tuko kama futi 5,500 kwa hivyo hayo ya mchanganyiko tunayaishi. Kama utawahi kuja huku, safari ya kutazama nchi ni moja: Naivasha, Baringo, bonde la Suguta, hadi Turkana. Lakini upepo wa Turkana usichezewe. Unapita kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya kama kwenye bomba, kwa nguvu, hasa usiku na asubuhi. Ndio maana kule karibu na Loiyangalani wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo. Mtu haweki mashine 365 mahali penye hewa tulivu.

Ukivuka mpaka, nyaraka ni zingine kabisa, fungua uzi wake.

DadaRubani

Narudi kwa Natron, maana ndiyo mwisho wa safari na ndiyo sehemu watu wanaichukulia poa.

Kutoka Arusha unaacha Meru nyuma kulia, unakwenda kaskazini magharibi. Baada ya Kitumbeine unapata lango: Gelai kulia, Ol Doinyo Lengai kushoto, ziwa mbele. Lengai ina mita 2,962 na ni volkano hai. Lava yake ni ya ajabu, inatoka nyeusi na baada ya muda hewani inageuka nyeupe, kwa hiyo kilele kinaonekana kama kimepakwa chokaa. Mara ya mwisho ulipolipuka kwa nguvu ilikuwa 2007 hadi 2008. Usipite juu ya shimo lake, wala upande unaoelekea upepo unakokwenda.

Baada ya lango nchi inaporomoka. Umetoka kiwanja cha futi 4,550, ziwa liko kama 2,000. Ni rahisi sana kushuka nayo, kila kitu kinavutia: maji mekundu, magadi yamepasuka vipande kama sahani, heroe kwa makundi. Sasa mambo mawili. Magadi na maji yaliyotulia hayana kina machoni, huwezi kujua uko futi 200 au 1,000. Amini kipimo cha urefu, na weka kiwango ambacho hutakivuka hata abiria akikubembeleza. Pili, heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana hapo. Ukiwapitia chini wanaruka kwa maelfu, wanaacha mayai, na baadhi watakuja usawa wa propela yako. Kwa hiyo kaa juu, kwa faida ya pande zote.

Ondoka Natron kabla ya saa nne. Baada ya hapo bonde ni tanuri, na unatakiwa kupanda kutoka humo.

Ngorongoro, ukingo uko kama futi 7,500 na zaidi, na mara nyingi asubuhi una wingu. Usiingie chini ya wingu kutazama ndani. Na angalia tai. Michael Grzimek, kijana wa yule profesa Mjerumani aliyehesabu wanyama wa Serengeti, alikufa Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai. Amezikwa palepale ukingoni. Tai wanaamka joto likianza kupanda, wanaelea bila kupiga bawa, na huwaoni mpaka wako kiooni.

Mbayuwayu

Nasoma kila neno. Makaratasi je? Hapo ndipo sina uzoefu, nimezoea kuzunguka uwanja na kurudi.

Mzee Propela

Kwa ufupi. Leseni yako kama ni ya nje, ithibitishwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kabla, usisubiri wiki ya safari. Bima isome: iwe inataja jina lako au angalau inaruhusu rubani wa saa zako, maana ndege ni ya jamaa, na urafiki huishia kwenye bawa lililokunjika. Hali ya hewa chukua ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) jioni na tena alfajiri. Hifadhini kuna urefu wa chini uliowekwa kwa kila ndege inayopita, na kutua ni ruhusa na malipo. Soma kitabu cha taarifa za anga.

Mpango wa safari ujaze kwa saa za Zulu, yaani saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Saa 12 na nusu asubuhi yako ni 0330. Nimeshasikia mtu redioni anataja saa ya ukutani kwake, mwongoza ndege akabaki anahesabu vidole. Na ukishatua sehemu isiyo na mnara, piga simu ufunge mpango. Nusu saa ikipita bila habari zako wanaanza kukutafuta, na wewe uko kwenye nyama choma.

Ukubwani nimejifunza pia kubeba maji ya kutosha kulala porini usiku mmoja. Giza la kwetu huingia bila hodi.

Mbayuwayu

Basi wakuu, nimebadilisha. Tunakwenda Februari, mimi na mke wangu tu. Siku ya kwanza Dar–Bagamoyo–Unguja, tunalala. Siku ya pili Unguja–Tanga, tunalala Tanga ili siku ya tatu tuipite Pare alfajiri. Moshi tunatua kama pako wazi. Pakifunikwa tunageuza Tanga, mafuta yanaruhusu ila uamuzi nitaufanya Same, si baadaye. Arusha usiku mbili. Natron kwenda na kurudi bila kutua. Ngorongoro nimeitoa.

Shemeji amenuna.

Mgosi wa Pongwe

Kugeukia Same ni sawa. Yamba, ukifika Tanga usiku ule tafuta samaki pale ufukweni.

Fundi wa Hangari

Same hadi Tanga na matangi ya Dar, nimepiga, inakubali. Lakini ukishageuza na kurudi Tanga, hiyo safari ya Arusha huwezi kuianza tena bila kuongeza avgas. Tafuta namba ya mtu wa mafuta wa Tanga sasa hivi. Kama hana, unakwama Tanga, maana yatakayobaki hayakufikishi Dar ukiwa na akiba.

Mbayuwayu

Sikuwa nimeliona hilo. Kesho nampigia.

Chura wa Kihansi

Nimesoma uzi wote. Kiti cha nyuma si kiko wazi? Nina kilo 58 na sina begi.